Kabureta ya Karani wa Stoo

Ndalahwa alipoifungua kabureta kwa mara ya nne, mke wake Bernadeta alitoka ndani na khanga kuukuu ya kupangia vyuma. "Tumia hii," alisema. "Ile ya jana usiiguse tena, ni ya kwendea kanisani." Kisha akarudi kwenye genge lake pale mbele ya nyumba, kuwapimia watu mafuta ya kula.

Hakuongeza neno, na hapo ndipo palipomtisha Ndalahwa. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba Bernadeta akigomba, mambo ni mepesi. Akinyamaza, tafuta pa kujificha. Na alikuwa amenyamaza tangu mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu ndipo kiwanda cha kukamua mbegu za pamba pale Nyakato kilipopunguza watu. Ndalahwa alipewa barua, akapewa mkono, akapewa na kiinua mgongo. Buswelu nzima ilijua kiinua mgongo kile ni cha mabati. Nyumba yake ilikuwa imesimama hadi juu ya madirisha, kuta za tofali za kuchoma zikiitazama mbingu, na familia ikiishi kwenye kibanda cha nyuma kilichovuja mvua ikinyesha na kikaendelea kuvuja ikishakatika. Bernadeta alikuwa amehesabu mpaka misumari. Lakini wiki ileile kiwanda kiliuza kwa mnada vyombo vyake vya zamani, na Ndalahwa, aliyekwenda kuangalia tu, alirudi na pikipiki ya mwaka sabini na nane. Alirudi akiisukuma. Alipoulizwa kwa nini haipandi, alijibu kwamba anabana mafuta.

Hoja yake haikuwa ya kijinga yote. Hizi zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anafungua duka, hata mwalimu wa hesabu ana kibanda cha soda. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikiota kando ya ziwa kama uyoga, na kimojawapo kilitangaza kinatafuta watu wa kuzunguka mialoni asubuhi, kule mitumbwi inakopakua, kuona samaki wangapi wameshushwa na wapi, ili magari ya barafu yasitoke bure. Sharti lilikuwa moja: mtu aje na pikipiki yake, na iwe nzima. Ndalahwa aliandika barua, akajibiwa afike Jumatatu saa mbili, aendeshe mpaka mwalo wa Igombe na kurudi, msimamizi akiwa na saa mkononi. Akipata kazi ile, nyumba itaezekwa. Akiikosa, atakuwa ameuza paa la mke wake na kununua chuma cha kulalia kuku.

Na pikipiki, iliyokuwa ikienda vizuri tu tangu ilipotiwa petroli mwezi wa tatu, ilianza kufa wiki mbili kabla ya hiyo Jumatatu.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa fundi. Tatizo ni kwamba kwenye ile barua Ndalahwa alikuwa ameandika: "Mimi ni fundi mitambo, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa." Ile miaka kumi na tisa ilikuwa ya kweli. Ila yote aliitumia nyuma ya dirisha la nondo, akiwa karani wa stoo ya vipuri. Alijua kila kipuri kwa jina, kwa namba na kwa rafu kilipolala. Alikijua kwa kukigusa gizani, umeme ukikatika. Kukifunga mahali pake ndiko hakuwahi, hata kimoja. Lakini alijiambia kwamba mtu aliyegawa chumvi jikoni kwa miaka kumi na tisa hawezi kukosa kujua ugali unavyosongwa, na kwa hoja hiyo akanunua bisibisi mbili.

Siku ya kwanza alisafisha jeti. Jeti ni kile kijiti cha shaba chenye tundu dogo linalopitisha mafuta, na kila mtu anajua likiziba, injini inakohoa. Alilichokoa kwa waya wa baiskeli, kwa bidii, kama mtu anayechokoa nyama kwenye jino. Siku ya pili alirekebisha boya, lile linaloelea ndani ya bakuli la kabureta. Alilikunja kimkono chake juu, akalikunja chini, akarudisha katikati, au pale alipodhani ni katikati. Siku ya tatu alizungusha skrubu ya hewa. Aliizungusha kulia, akaizungusha kushoto, akasahau alianzia wapi. Alibadilisha plagi. Alipuliza mrija wa mafuta kwa mdomo, na kwa siku mbili chai yake ikanuka petroli.

Na kila mara matokeo yalikuwa yaleyale. Pikipiki inawaka kwa kiki ya pili, mlio wa silensa umetulia, inanguruma hadi unajisikia bwana mkubwa. Ndalahwa anapanda, anapungia watu mkono, anashuka barabara ya vumbi. Akifika kwenye kalvati, kile kidaraja cha barabarani, mwendo wa dakika tano hivi, inaanza kumisi, inakohoa mara tatu, inakufa. Anashuka. Anafungua tangi kuangalia kama mafuta yamo. Yamo. Anafunga tangi, anapiga kiki, inawaka. Anageuza, anarudi nyumbani, na mlangoni inakohoa tena. Halafu anaitisha khanga.

Jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba akijaza mafuta mengi, ndiyo inakufa mapema. Yeye alitafsiri kwamba kabureta inalemewa.

Kija, mzee mmoja aliyekuwa na shamba la mihogo pale kalvatini, aliyaona mambo haya kila siku akiwa ameegemea jembe. Ijumaa ya wiki ya pili uvumilivu ukamwisha.

"Mwangaluka, Ndalahwa."

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Malahaba. Mimi ningekuwa wewe, hiyo kabuleta ningeiacha. Chombo hakina shida. Shida iko hapa." Akaonyesha kalvati kwa kidevu. "Hapa mwaka ule lori la pamba lilipinduka. Kuna mama mmoja kule Usagara anaweza kupasafisha mahali kama hapa. Kuku mweusi mmoja, basi."

Ndalahwa, aliyesoma mpaka darasa la nane la mkoloni na kuhesabu vipuri kwa Kiingereza, alicheka kwa dharau. Usiku aliota kuku mweusi. Asubuhi alijikuta anawatazama kuku wa Bernadeta, mmoja baada ya mwingine, akitafuta rangi. Hapo ndipo alipotambua kwamba amefika mwisho wa ufundi wake, na kwamba afadhali aibu ya binadamu kuliko aibu ya kuku. Ilikuwa Jumamosi. Akaisukuma pikipiki mpaka Nyakato, kwa Suhaib.

Sasa, Suhaib naye. Suhaib alikuwa fundi kweli, na kwa miaka sita alikuwa fundi kijana palepale kiwandani kabla hajaacha na kufungua gereji yake. Katika miaka hiyo sita alisimama mara nyingi mbele ya lile dirisha la nondo, mikono imejaa grisi, mashine imesimama, akiomba beringi moja. Na mara zote Ndalahwa alimwuliza fomu iko wapi. Fomu ikija, alimwuliza nakala mbili nyingine. Zikija tatu, alimwambia sahihi ya mkuu wa idara haisomeki, arudi Jumatatu. Sheria ya stoo ilisema kipuri hakitoki bila karatasi, na Ndalahwa aliipenda sheria ile kuliko mashine zote za kiwandani. Hakuwa mtu mbaya. Ila dirisha lina utamu wake, na aliyelikalia miaka mingi hujua ninachosema.

Suhaib alikuwa amelala chini ya pikapu. Aliviona viatu kwanza, akavitambua, akatoka taratibu akijifuta mikono.

"Mzee Ndalahwa! Shikamoo. Karibu sana."

"Marahaba, Suhaib. Nina kijishida kidogo cha kabureta."

"Pole sana, mzee. Fomu unayo?"

Ndalahwa alidhani ni utani, akacheka. Suhaib hakucheka. Alichana karatasi tatu kwenye daftari la hesabu, akaweka kaboni iliyochakaa katikati, akaandika kwa kichwa, bila kukosea hata mstari mmoja: Jina la Mwombaji. Chombo. Maelezo ya Ubovu. Chanzo cha Ubovu. Sahihi ya Mkuu wa Idara.

"Nakala tatu," alisema kwa adabu. "Unaujua utaratibu kuliko mimi."

"Suhaib, mwanangu, kesho kutwa nina…"

"Najua mzee, hata mimi mashine zilikuwa zinanisubiri. Mkuu wa idara yako sasa hivi ni nani?"

Ndalahwa alifikiri. Kiwandani hayupo tena. Kazi nyingine hana. Kwa mtu aliyebakiwa na nyumba isiyo na paa, idara ilikuwa moja tu. "Mke wangu," alisema.

"Basi mama asaini. Isomeke vizuri. Chombo kiache hapa."

Alirudi Buswelu kwa miguu, jua la saa sita likimpiga utosini, fomu tatu mkononi. Njiani alijitukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Alimtukana na Suhaib pia, lakini si sana, kwa sababu kila tusi alilolitafuta lilikuwa limekwisha kumfaa yeye mwenyewe wakati fulani.

Bernadeta alikuwa kwenye genge, debe jipya la mafuta likiwa mbele yake. Ndalahwa alimweleza habari ya sahihi, kwa kifupi, macho yakiwa chini. Bernadeta alizipokea karatasi, akazisoma zote tatu kana kwamba zinatofautiana.

"Mimi sisaini kitu nisichokijua," alisema. "Hapa panasema Maelezo ya Ubovu. Nieleze."

"Mama Mayala, haya mambo ni ya kitaalamu kidogo. Kuna jeti, kuna boya…"

"Sijauliza majina. Nimeuliza inafanyaje."

Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki mbili mtu kumwuliza inafanyaje. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza, maana alikuwa na majina ya kutosha. Basi akaeleza. Inawaka, inakwenda mpaka kalvatini, inakufa.

"Ikifa unafanya nini?"

"Nafungua tangi, naangalia mafuta. Yamo. Nafunga, napiga kiki, inawaka."

"Usipofungua tangi?"

"Sijawahi kutofungua. Lazima uangalie mafuta."

Bernadeta akachukua msumari na nyundo, akalitoboa lile debe tundu moja pembeni, akaliinamisha juu ya chupa. Mafuta yalitoka kidogo, yakagugumia, yakasimama. Akaliinua, akatoboa tundu la pili upande wa pili, akaliinamisha tena. Mafuta yakashuka mfululizo, yamenyooka kama uzi.

"Kitu kikitoka, lazima kingine kiingie," alisema. "Hilo tangi lako linaingizia hewa wapi?"

"Kwenye mfuniko," alijibu Ndalahwa mara moja, kwa sauti ya dirishani. "Mfuniko wa tangi, wenye kitundu cha hewa katikati, rafu ya…"

Alikumbuka nailoni. Kiwandani, amri yake ya kwanza kwa kila kipuri kilichoingia stoo ilikuwa kufungwa nailoni, kisiingie vumbi. Alizivisha nailoni beringi, aliivisha mikanda, aliwahi kukivisha nailoni kiti cha bosi. Na wiki mbili zilizopita, vumbi la kiangazi lilipozidi na bei ya petroli ikapanda, alikuwa amekata kipande cha nailoni safi, akakitandika chini ya mfuniko wa tangi, akaubana sawasawa, mafuta yasipotee hewani na mchanga usiingie. Alikifurahia sana kile kipande. Kila alipofungua tangi pale kalvatini alikinyanyua kwa uangalifu, akakipangusa, akakirudisha.

Alikaa chini, juu ya ndoo. "Nimeifunga pua," alisema. "Kisha nimeipasua mapafu mara nne nikitafuta ugonjwa."

Bernadeta alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mteja mmoja akaondoka na chupa bila kufunikiwa. Kisha akachukua kalamu na kujaza fomu yeye mwenyewe, kwa mwandiko wa shule ya misheni. Kwenye Maelezo ya Ubovu aliandika: Inakosa hewa. Kwenye Chanzo cha Ubovu aliandika neno moja: Mwenyewe. Akasaini, na sahihi ilisomeka.

Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza, Ndalahwa alikuwa gerejini. Suhaib alisoma fomu akiwa amesimama. Halafu akakaa. Halafu akajifunika nayo uso, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa muda mrefu.

"Mzee, nimekusamehe yote," alisema alipopata pumzi. "Hata ile beringi ya mwaka themanini na saba."

Lakini kuiondoa nailoni hakukutosha, maana wiki mbili za ufundi wa Ndalahwa zilikuwa zimeacha alama. Sasa pikipiki haikufa tena. Ilitoa moshi mweusi, ikanuka, ikanywa petroli kama mlevi aliyelipiwa. Suhaib aliichomoa jeti, akaielekeza juani, akaguna. "Nani ameichokoa hii kwa waya? Tundu lilikuwa la sindano, sasa panya anapita." Akamimina mezani kopo zima la jeti kuukuu, mamia, zimechanganyika na skrubu na meno ya gia. "Ya kufaa imo humu. Kuipata ni kazi ya siku nzima."

Ndalahwa alivuta kigoda. Aliinamia lile lundo, akaokota, akageuza, akasoma tarakimu ndogo ubavuni, akaweka pembeni. Kabla chai haijapoa alikuwa amezitenga zote kwa namba, kwa mistari, na ile inayotakiwa ameishika mkononi. Suhaib alitazama meza, akamtazama yeye. Ndalahwa moyoni alikuwa amefurahi hadi akaona aibu.

Kisha Suhaib akaifunga ile jeti, akakinyoosha kimkono cha boya, akafanya kazi yake. Alifunga skrubu ya hewa taratibu mpaka ikagusa, akaifungua mzunguko mmoja na nusu. Akawasha. Akaacha injini ipate moto, akageuza skrubu robo, akasikiliza akiwa amefumba macho, akarudisha kidogo. Mlio wa silensa ukashuka, ukatulia. Yote hayo hayakumchukua muda wa kumaliza sigara. Ndalahwa alikumbuka khanga nne.

Jumatatu saa mbili kasoro alikuwa kwenye kiwanda cha minofu, na saa tatu na robo alikuwa amekwisha kwenda Igombe na kurudi. Pikipiki haikukohoa hata mara moja. Msimamizi alikuwa Zakia, mama wa mjini ambaye ukoo wao uliuza nyavu Mwanza kwa miaka mingi, na alikuwa na saa mkono mmoja na barua ya Ndalahwa mkono wa pili.

"Muda mzuri," alisema. "Na umeandika hapa kwamba wewe ni fundi. Nitakuwa na pikipiki sita zinazozunguka. Ukiitunza yako na za wenzako, mshahara ni karibu mara mbili. Unaweza?"

Ndalahwa aliyaona mabati. Aliyaona yamekwisha pigiliwa, yanang'aa, kabla ya Krismasi, na Bernadeta amesimama chini yake mvua inapiga na yeye hakimbii na masufuria. Neno "naweza" lilikuwa limefika kwenye ulimi. Halafu akaziona pikipiki sita zimefumuliwa juu ya khanga sita, na watu sita wamekaa kwenye kalvati sita wakimsubiri mama wa Usagara.

"Mama," alisema, "mimi si fundi. Nilikuwa karani wa stoo."

"Kwa hiyo barua inasema uongo."

"Inasema uongo, mama. Pikipiki imetengenezwa na kijana mmoja wa Nyakato, anaitwa Suhaib. Na ugonjwa ameugundua mke wangu."

Zakia alichukua kalamu akaukata ule mstari, kwa nguvu, karatasi ikatoboka. "Wawili niliowaita leo hawajafika, nasikia pikipiki zimewazimikia njiani," alisema. "Kwa sababu hiyo tu sikufukuzi. Utakwenda Kayenze, njia ndefu kuliko zote na mbovu kuliko zote. Miezi mitatu ya kuangaliwa, mshahara wa chini. Huyo Suhaib mwambie aje anione."

Alirudi Buswelu saa saba mchana. Bernadeta alikuwa anafuta meza ya genge, na alimwuliza kwa macho.

"Nimepata," alisema Ndalahwa. "Kuzunguka Kayenze. Kulikuwa na ya ufundi pia, mshahara karibu mara mbili. Nimeikataa. Atapewa Suhaib, nadhani."

Bernadeta aliacha kufuta. Aligeuka akaziangalia zile kuta, tofali za juu zimeanza kumong'onyoka kwa mvua mbili zilizopita, nyasi zimeota dirishani. "Kwa hiyo mabati si Krismasi hii," alisema.

"Si hii. Ya mwakani, Mungu akijalia. Nisamehe, mama Mayala. Ile pesa haikuwa yangu peke yangu."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo tangu mwezi wa tatu. Lilimtoka vibaya, kwa sauti ya kukwaruza, na akabaki ameshika usukani wa pikipiki kama mtu aliyesahau kushuka. Bernadeta akamimina maji ya kunawa kwenye beseni, akamsogezea.

"Mwakani si mbali," alisema. "Lakini sikiliza, baba Mayala. Siku mabati yakija, fundi nitamtafuta mimi. Wewe hupandi juu, hushiki nyundo, hushauri kitu. Utakaa chini unishikie ngazi."

Ndalahwa akanawa mikono, akasema sawa, ngazi atashika.